Kichwa cha Mwenzio ni Amana

Mwanamke wa Kiislamu huzifunika nywele zake mbele ya walimwengu na huzifunua mbele ya watu wachache: mumewe, maharimu wake na wanawake wenzake anaowaamini. Miongoni mwa hao wachache yumo mmoja ambaye hatumtaji mara nyingi tunapozungumzia stara, naye ni msusi. Huyu huziona mvi kabla mume hajaziona. Huuona upara unaoanza pembezoni mwa paji la uso, na mapunye ya mtoto ambayo mama mtu hajayagundua. Mkononi mwake mna kitana, wembe, na dawa inayoweza kuunguza ngozi. Lakini mtu huyu, tuliyemkabidhi vichwa vyetu na vya mabinti zetu, ndiye tusiyemwuliza amesomea wapi.

Fundi umeme tunamtaka cheti kabla hajagusa waya. Mkunga tunamtaka aliyesoma. Msusi tunasema tu kwamba “ana mkono”, basi. Mimi nimekuwa msusi kwa zaidi ya miaka 10 sasa. Nimeulizwa bei kila siku ya kazi, na swali la elimu nimeulizwa mara za kuhesabika. Nimeona niandike machache juu ya elimu hiyo kwa sababu kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi kadhaa hunijia na mabinti zao wakitaka kujua kama kazi hii inafaa kwa binti anayechunga dini yake, na kama inafaa, aanzie wapi.

Nianze kwa kukiri haki ya wazee wetu. Sikuingia chuoni mikono mitupu. Nimekulia Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba yenye ua na mkeka wa ususi. Kila Alhamisi jioni bibi yangu, mzaa mama, alituketisha wajukuu kwa zamu kati ya magoti yake. Kwake nilijifunza kugawa mistari iliyonyooka kwa ncha ya kitana, kusuka mabutu na twende kilioni, kufunga nywele za uzi, na kutengeneza kikuba cha asumini na mrehani kwa ajili ya bi harusi. Kwake pia nilijifunza adabu ya kwanza ya kazi hii, kwamba yanayosemwa mkekani hayatoki mkekani.

Hata hivyo, bibi alisuka vichwa vya jamaa zake tu, vichwa alivyovijua tangu siku ya akika. Alitumia mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. Msusi wa leo hupokea kichwa asichokijua, kilichopakwa mwezi uliopita dawa asiyoijua, na mteja anataka nyingine juu yake. Mkono mzuri peke yake haumwambii msusi kwamba dawa hizo mbili zikikutana, nywele zitabaki kwenye taulo. Mkono hurithiwa, lakini elimu hii sharti itafutwe.

Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuja na daraja la nne. Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, hakunilaumu. Nilipomwambia kwamba nataka kusomea ususi chuoni, alinyamaza kwa siku mbili, kisha akaita kikao cha familia. Ami yangu alisema maneno ambayo nimeyasikia tena katika nyumba nyingi tangu siku hiyo. Alisema saluni ni mahali pa muziki, pa kusengenya na pa wanaume kuingia na kutoka, na kwamba binti ambaye masomo yamempiga chenga asiongezewe mtihani wa dini.

Mama alimjibu kwa upole. “Shemeji, mkeo husukwa na nani?”

Ami akasema husukwa na jirani.

“Basi kazi hii ipo, na itaendelea kuwapo,” mama akasema. “Tunachobishania hapa ni kama itafanywa na wanaochunga dini au na wasiochunga.”

Kabla ya kutoa uamuzi, baba alikwenda kwa sheikh wa mtaa wetu. Sheikh alimkumbusha kwamba Nabii Daud (a.s.), pamoja na ufalme aliopewa, alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Akamkumbusha pia mama yetu Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), ambaye alikuwa hodari wa kazi za mikono na alitoa sadaka kutokana na alichokichuma. Baba akarudi na masharti matatu. Nisome kwenye chuo ambacho somo hilo linafundishwa na mwanamke. Sala isinipite kwa sababu ya kichwa cha mtu. Na kila jambo la kazi nitakaloliona na shaka, nilifikishe kwa sheikh kabla ya kulifanya, si baada.

Nilianza mafunzo mwaka 2011 katika chuo kimoja cha ufundi stadi. Kwa wasiojua, mafunzo haya nchini kwetu yako chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwanafunzi hupanda kwa ngazi, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu, na hupimwa kwa anachoweza kukifanya, si kwa anachokikariri tu. Zipo pia kozi fupi za miezi michache. Binti aliyepata alama hafifu darasani si mtu aliyeshindwa huko, kwani mizani ni nyingine. Katika darasa letu aliyeongoza ni mwenzetu ambaye hakuwahi kumaliza sekondari.

Wiki ya kwanza hatukushika kitana. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyekuwa mkali wa muda, alichora ubaoni unywele mmoja na kutueleza habari zake. Tulijifunza kwamba unywele tunaouona umekwisha kufa, na kilicho hai ni mzizi wake ndani ya ngozi. Kichwa cha mtu huwa na nywele zinazokaribia 100,000, na kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida lisilohitaji hofu wala mganga. Nywele hurefuka kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi. Siku hiyo nilielewa kwamba kila chupa ya mafuta inayoahidi kurefusha nywele kwa wiki moja ni udanganyifu, na kwamba anayeiuza huku akijua hivyo anakula haramu hata kama chupa yenyewe ni halali.

Kisha tukaingia kwenye dawa za kulainisha nywele. Mwalimu alituonyesha kipimo cha ukali wa vimiminika kinachoanzia 0 hadi 14. Maji safi yako katikati, kwenye 7. Dawa nyingi za kulainisha hupita 12. Kiungo kikuu katika nyingi ya dawa hizo ni kostiki soda, ile ile inayotumika kutengenezea sabuni. Wanawake wengi huamini kwamba dawa isipowasha haijashika, kwa hiyo huvumilia na kumwambia msusi asubiri kidogo. Mwalimu alitufuta imani hiyo kwa sentensi moja: kuwasha si dalili ya nywele kulainika, ni dalili ya ngozi kuungua. Tukafundishwa kutoweka dawa kwenye kichwa chenye kidonda au kilichokunwa, kupaka mafuta mazito pembezoni kabla ya kuanza, kutazama saa badala ya kubahatisha, na kuosha kwa shampuu maalumu inayoua ukali wa dawa.

Somo lililonigusa zaidi, kwa kuwa linahusu harusi zetu za pwani, ni la piko. Hina ya kweli hutoka kwenye majani ya mhina na rangi yake ni nyekundu inayoelekea kahawia. Hina haiwi nyeusi tii yenyewe. Weusi ule wa piko hutokana na kemikali ya rangi ya nywele inayoitwa kwa kifupi PPD, ambayo haikukusudiwa kupakwa kwenye ngozi. Wako wasiodhurika. Wako ambao ngozi yao huikataa, wakatoka malengelenge na kubaki na makovu yenye umbo la ua lile lile walilochorwa. Na ngozi ikishaikataa kemikali hiyo, kwa kawaida haiikubali tena, hata ikiwa ndani ya rangi ya nywele miaka mingi baadaye. Nilipokuwa msichana niliwahi kumwona bi harusi wa mtaani kwetu akiingia kwenye shughuli yake amevaa glavu nyeupe. Watu walidhani ni mtindo mpya. Chuoni ndipo nilipojua glavu zile zilificha nini.

Kinga ni rahisi. Tone dogo la rangi hupakwa nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, kisha mteja husubiri saa 48. Kama ngozi imewasha au imevimba, basi. Msusi aliyesoma humwita bi harusi siku kadhaa kabla. Msusi asiyesoma humpaka usiku wa kuamkia harusi.

Tulifundishwa usafi wa vifaa kwa ukali ule ule. Kitana husafirisha mapunye na chawa. Wembe na sindano ya kushonea vinaweza kubeba homa ya ini aina ya B na virusi vya ukimwi. Kifaa huoshwa kwanza kwa sabuni kitoke uchafu, ndipo kilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu, kwa maana dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Sisi tuliolelewa tukijua kwamba najisi huondolewa kwanza ndipo mahali pakatwaharishwa, somo hilo halikutuchukua muda kulishika.

Tulifundishwa pia kutosuka kwa kukaza. Mistari inayovuta ngozi mpaka macho yakawa membamba huwapendeza wengi kwa kuwa hukaa muda mrefu, lakini ikirudiwa mwaka baada ya mwaka huua mizizi ya nywele za mbele, na huo ni upara usioponyeka. Waathirika wakubwa ni watoto wa shule, ambao hawawezi kumkatalia mama.

Nilipofika kwenye nywele za kuunganisha, ule wakati wa sharti la tatu la baba ukawadia. Kila Mwislamu aliyesoma kidogo anajua kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuunganisha nywele, kwa anayefanya na kwa anayefanyiwa. Nilikwenda kwa sheikh nikiwa na orodha ya huduma zote za kwenye mtaala, moja baada ya nyingine. Alinieleza kwamba katazo la nywele za binadamu halina utata, na kwamba kwenye vitu vingine wanazuoni wana maelezo marefu na wametofautiana. Ama uzi wa rangi ambao hakuna atakayeudhania kuwa ni nywele, wengi wameuruhusu. Akanishauri nichukue lililo salama: nisuke nywele zenyewe na uzi, na niachane na biashara ya wevingi na mawigi.

Nilimweleza mwalimu. Hakuwa wa dini yetu, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtihani unapima mkono wangu, haupimi imani yangu. Sehemu ile nikaifanya kwa nyuzi za plastiki juu ya kichwa cha sanamu cha mazoezi, na sheikh hakuona ubaya kwa kuwa hapakuwa na mwanamke wa kupambwa wala biashara. Mazoezi ya kazini yalipowadia, nilipangiwa kwanza saluni iliyochanganya wanaume na wanawake katika chumba kimoja. Niliomba kubadilishiwa, na baada ya wiki mbili nikapata ya wanawake watupu. Nayataja haya ili mzazi ajue kwamba mengi kati ya tunayoyaogopa hutatuliwa kwa binti kufungua kinywa mapema na kwa adabu.

Mwaka 2013 nilifungua chumba changu palepale Ngamiani. Nilikuwa na draya moja, viti viwili, beseni la kuoshea, pazia zito mlangoni, na maandishi mawili ukutani: “Wanawake tu” na “Hairuhusiwi kupiga picha”. Wateja walikuja kutazama. Wengi walitaka nywele za kubandika, nami nikawaambia sifanyi. Waliaga kwa heshima wakaenda kwingine. Kwa miezi kadhaa kipato changu hakikufika nusu ya kile cha wenzangu niliomaliza nao chuo.

Katika mwezi wa saba, nikiwa na deni la kodi ya miezi miwili, ilikuja familia moja yenye harusi. Walitaka bi harusi na wapambe wake watano washonewe nywele za binadamu zilizoagizwa kutoka nje, tena walikuja nazo kwenye mfuko. Fedha walizotaja zingelipa deni langu na kodi ya miezi minne mbele. Niliwapa maji wanywe, nikawaambia ninaweza kuwaosha, kuwatibu nywele zao, kuwasuka na kuwapamba kwa vikuba, lakini lile sitaweza. Mama wa bi harusi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto. Wakaenda.

Wasomaji waliozoea visa vya namna hii watatazamia niseme kwamba kesho yake mlango mwingine ulifunguka. Haukufunguka kesho yake. Niliuza mkufu wangu, nikalipa deni, na nikagawana chumba na dada mmoja mshonaji wa mabaibui ili kodi itushukie nusu kwa nusu. Riziki ilikuja taratibu, na ilikuja kwa njia ambayo sikuitazamia. Wanawake waliokuwa wameungua kwa dawa na waliokatika nywele kwa kukazwa walianza kusikia kwamba yuko msusi anayejua kutibu kichwa. Alikuja mmoja, akamleta dada yake. Wakaja waliojifungua ambao nywele zilikuwa zikipukutika na wanadhani wamerogwa, nami nikawaeleza kwamba ni hali ya kawaida baada ya uzazi na kwamba kwa wengi hupita baada ya miezi. Wenye mabaka au vidonda vilivyozidi elimu yangu niliwapeleka kwa daktari wa ngozi, kwa kuwa kujua mpaka wa ujuzi wako nako hufundishwa chuoni.

Hili ndilo ninalotaka mzazi alishike kuliko yote. Elimu ndiyo iliyonipa uwezo wa kukataa. Ningekuwa najua kushona wevingi tu, kama wajuavyo mabinti wengi wanaojifunzia mlangoni pa mwenzao kwa majuma mawili, ningekuwa na bidhaa moja, na mwenye bidhaa moja hana budi kuiuza. Tunawahimiza mabinti zetu wawe na msimamo, kisha tunawatoa nyumbani na ujuzi mwembamba usioweza kuubeba msimamo huo. Imani ilinifundisha nikatae nini. Chuo kilinipa kitu cha kuuza baada ya kukataa.

Yako mambo mengine ambayo sikuyatazamia. Mteja akiisha kukuamini kichwa chake, hukuamini na maswali yake. Wengi waliniuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima kufumua nywele kila wanapooga janaba, na wako waliokuwa wakichelewesha sala kwa sababu hiyo. Nilijifunza kwa mwalimu wangu wa madrasa jibu ambalo limo katika hadithi ya mama yetu Ummu Salama (r.a.), kwamba yeye mwenyewe aliuliza swali hilo hilo juu ya misuko yake iliyokazwa, akaambiwa inatosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Mashafii wanasisitiza kwamba maji sharti yafike ndani mpaka kwenye mashina. Kwa hiyo mimi husuka nikilifikiria josho la mteja wangu: sikazi mno, na sibandiki gundi inayozuia maji. Kwangu mimi hilo ni sehemu ya ufundi.

Na liko lingine. Alikuwapo mteja wangu wa kudumu, bibi wa makamo ya bibi yangu, ambaye kila baada ya wiki mbili nilimfunga nywele za uzi. Alipofariki, wanawe walinitumia mtu. Sikuwa nimewahi kumwosha maiti. Wanawake wazoefu waliongoza, nami nikakaa upande wa kichwa. Katika Sunna tumepokea kwamba Ummu Atiyya (r.a.) na wenzake, walipomwosha binti wa Mtume (s.a.w.), walizichana nywele zake, wakazisuka misuko mitatu na kuilaza nyuma. Nikazifumua zile nyuzi nilizozifunga mwenyewe siku tisa kabla. Nikaosha, nikachana kwa chanuo pana bila kuvuta, kama tulivyofundishwa kuchana nywele zilizolowa, kuanzia ncha kwenda kwenye shina. Nikasuka misuko mitatu. Mvi zile nilizijua kuliko watoto wake walivyozijua. Tangu siku hiyo niliingia katika kikundi cha waoshaji wa mtaa wetu, na humo hatulipwi.

Sasa nije kwenye swali la wazazi. Ikiwa binti yako anaitaka kazi hii, mwangalie kwanza kama ana subira ya kusimama saa nyingi na ulimi wa kutunza siri. Akikosa hivyo viwili, mtafutie fani nyingine. Akiwa navyo, nendeni chuoni pamoja kabla ya kulipa ada. Ulizeni kama chuo kimesajiliwa na serikali, nani anafundisha, saa ngapi ni za vitendo, mwanafunzi anajitafutia vifaa vipi, na mazoezi ya kazini hufanyika wapi. Ulizeni mahali pa kusalia. Chuo kinachoona tabu kujibu maswali hayo kabla ya kupokea fedha hakitakuwa mwepesi kuyajibu baadaye.

Kwa wale dada ambao tayari wanasuka kwa miaka na hawana cheti, upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo VETA humpima fundi aliyejifunzia kazini, humwongezea alichopungukiwa na kumpa cheti bila kumrudisha darasani kuanzia mwanzo. Msione haya kuutumia.

Na kuhusu mtaji, tahadharini na mikopo ya riba inayotembezwa mitaani, ambayo imewanyang'anya wenzetu wengi draya, viti na hata ndoa. Halmashauri zetu hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni njia inayohitaji kikundi cha watu wanaoaminiana na subira ya kufuatilia ofisini, lakini haina riba, na kwa Mwislamu hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuanzia huko.

Mwisho, nawaomba wateja nao wabebe sehemu yao. Mwulize msusi wako amesomea wapi. Mwulize kile kitana kimeoshwa lini. Ukiona anakataa kukuwekea dawa kwa kuwa una kidonda, usimwone mjeuri. Mshukuru, na umlipe hata kwa ushauri huo. Ukimpata binti anayechunga mipaka ya dini yake katika kazi hii, mpelekee kichwa chako, hata kama kiti chake si cha kisasa na mlango wake uko uchochoroni. Hatuwezi kulalamika kwamba saluni zimejaa yasiyofaa ilhali zile chache zinazojistahi tunaziacha zifungwe kwa kukosa kodi.

Allah (s.w.) awaruzuku mabinti zetu elimu yenye manufaa na chumo la halali, na aihifadhi mikono iliyokabidhiwa stara za wengine. Amin.